Kisima Kilichotoa Povu

Vingunguti,
14 Februari 2022

Mdogo wangu Mwajabu,

Assalaam alaikum. Hapa nyumbani tunaamka salama, ila goti langu la kushoto linaamka saa nzima baada yangu. Mwanangu Salma amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, ana pua ya marehemu baba. Tunaomba Mungu ibadilike kadiri anavyokua. Shemeji Leonardi anaendeleaje na masikio? Msalimie kwa sauti.

Nimekupigia simu mara nne. Mara ya nne ulipokea, ukasema mtandao ni mbovu, ukakata, na mie nilikuwa bado sijasema neno. Basi nimeamua kuandika na kumpa dereva wa basi la Bukoba. Hata hivyo jambo lenyewe linataka karatasi.

Serikali imesema kila njia ipewe jina na kila nyumba ipewe namba. Mwenyekiti wetu wa mtaa sasa hivi ni mama mmoja Mngoni, anaitwa Demetria, mtu asiyependa kuchelewa. Kwenye kikao, wajumbe walipendekeza kichochoro chetu, kuanzia kona ya machinjio hadi relini, kiitwe Njia ya Fakihi, kwa heshima ya mpiganaji wa vita vya Kagera. Sikupendekeza mie. Nilikohoa tu, wakanikumbuka.

Anayepinga ni Isack, mwenye grosari pale katikati. Yeye anataka iitwe Njia ya Grosari, kwa kuwa ndivyo bodaboda wanavyoiita. Hebu fikiria wajukuu zetu waandike hilo kwenye fomu za shule.

Demetria anataka ushahidi wa maandishi wa watu wawili. Wa kwanza ninao. Sugra, binti wa marehemu bosi wangu Abbasali, ametunza karatasi ya Novemba 1978, siku serikali ilipochukua lori la baba yake kwenda vitani, na jina langu limo kama dereva. Wa pili anatakiwa atoke huko mpakani. Wewe umekaa Kyaka karibu miaka arobaini. Andika mistari mitatu kwamba wazee wa hapo wanamkumbuka Fakihi aliyevuka mto pamoja na jeshi, akapigwa risasi ya paja. Usiandike mengi. Ukiandika mengi huwa unaharibu.

Kaka yako,
Fakihi


Kyaka,
11 Machi 2022

Kaka Fakihi,

Shikamoo. Wa alaikum salaam. Tumefurahi kusikia ya Salma. Mwache mtoto na pua yake, baba alinusa nayo mvua siku mbili kabla. Huku kahawa imeshika matunda, ndizi zipo, na mbuzi wawili wamezaa usiku mmoja kama waliopatana. Leonardi hajambo. Sikio la kulia limekwisha kabisa, la kushoto linasikia linachotaka. Jana imamu alimwita kwa jina lake la kusilimu, Idrisa, akageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilibidi niisome mara mbili: mara moja kwangu, mara moja kwa Leonardi, kwa sauti ya kufika kwa jirani. Nilipofika kwenye risasi ya paja alininyooshea mkono nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Hiyo risasi ilikuwa na pembe?" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Kaka, nimeishi na huyu mwanamume miaka thelathini na tisa na sikuwahi kusikia habari ya ng'ombe. Nimeisikia juzi. Ananiambia yeye alikuwa amekimbia shamba lake lilipochomwa, akavuka kuja upande wa kusini, akapata kibarua cha kupokea michango ya wananchi iliyokuja kulisha jeshi. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshalipuliwa. Ukafika na lori la Abbasali, maharage mbele, ng'ombe sita wa mchango nyuma. Ukafungua mlango wa nyuma huku ukiwaeleza watu namna ya kushusha ng'ombe. Ng'ombe wa kwanza akashuka juu yako. Leonardi ndiye aliyekubeba kwenye ubao wa mlango hadi kwa daktari, na njiani ukamwapisha asiseme. Wakakurudisha Dar, lori likaendelea na dereva mwingine, na halikuonekana tena.

Kwa hiyo mto ulivuka na nini?

Kwamba ulidanganya halinishangazi. Linaloniudhi ni kwamba mume wangu alitunza siri yako hata kwangu. Nimemnyima supu siku mbili.

Mistari yako mitatu sijaandika. Labda nitaandika, lakini kwanza niandikie wewe jambo moja ambalo hujawahi kuniambia ukweli wake wala kuukaribia. Siku ile ya mwaka 1983, polisi na mgambo walipokuja kisimani kwetu, ulikuwa wapi?

Nduguyo,
Mwajabu


Vingunguti,
5 Aprili 2022

Mdogo wangu Mwajabu,

Ramadhani njema. Leo ni funga ya tatu na jua linawaka kama limetumwa. Mtoto wa Salma amepata jina, anaitwa Mwajabu. Sikuwaambia mie, wamejiamulia wenyewe, lakini sikupinga.

Habari ya ng'ombe nimeisoma. Leonardi ni shemeji mzuri, ila umri unamchanganya. Walikuwa ng'ombe watano.

Umeuliza kuhusu 1983. Mwaka huo huwezi kuuelewa bila kuanzia vita, kwa hiyo tulia nikueleze.

Vita vyenyewe tulivimaliza kwa miezi. Lakini vilikula mafuta, vilikula malori, vilikula chakula, na hazina ikabaki inalia kama debe tupu. Tukaambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane. Mie nilifunga. Miezi ikageuka miaka, mkanda ukakatika, na madukani hapakuwa na mkanda mwingine. Unakumbuka foleni za mawe? Mtu anaweka jiwe lake mbele ya duka la ushirika anakwenda zake kupika. Mama alikuwa na jiwe lake jeupe, watu wakilijua, wengine wakilisalimia. Unakumbuka tulivyofua kwa majani ya mpapai?

Na siasa nayo iligeuka hapohapo. Balozi wetu wa nyumba kumi, kabla ya vita, kazi yake ilikuwa kutangaza misiba. Baada ya vita yeye ndiye mwenye kusaini kibali cha sukari. Akanenepa. Watu waliomzidi umri wakawa wanampa shikamoo, naye anaitikia bila haya. Wakati huo Abbasali badala ya lori aliletewa barua ya shukrani. Akaitia kwenye fremu akaitundika uani, pale lori lilipokuwaga linaegeshwa. Kila asubuhi nilifika kazini nikaikuta ile barua, nami ni dereva. Nitaiendesha wapi?

Ndipo sabuni ikaingia. Hatukuiba. Abbasali aliinunua mahali, mie nikaiuza mahali, watu wakafua. Ikaitwa ulanguzi, ikaitwa kuhujumu uchumi. Mwaka mmoja tu baadaye wakaruhusu mwenye pesa zake nje alete bidhaa na asiulizwe amezipataje, na walewale walanguzi wakaitwa wafanyabiashara. Leo kuna waliofika kuitwa waheshimiwa. Mie nilikosea kwa kuwahi.

Sasa hivi wanapigana huko Ulaya, na mama anayepika chapati hapa kona amezipunguza unene mpaka unaweza kusoma gazeti lililo nyuma yake, anasema mafuta yamepanda. Vita ni vya wengine, chapati ni zetu.

Kwa hiyo unaona kwamba hilo swali lako ni dogo sana ndani ya jambo kubwa. Nakutumia kanga doti moja na tende za kufuturia. Demetria anasema kikao cha mwisho ni katikati ya Mei. Mistari mitatu tu.

Kaka yako,
Fakihi


Kyaka,
22 Aprili 2022

Kaka,

Shikamoo. Kanga nimeipokea, rangi nzuri. Tende tumefuturia, Leonardi ameficha kokwa anataka kupanda. Huyo mtoto mpe busu la jina langu, na mwambie asikubali kutumwa dukani ovyo.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Umeeleza hazina, umeeleza chama, umeeleza Ulaya. Umejieleza wewe hadi mlango wa uani, ukageuka. Basi nitaeleza mie, na pale nitakapokwama umalizie.

Ilikuwa asubuhi, wiki ile ya msako. Redio ilikuwa inasoma majina ya waliokamatwa na vilivyokutwa chini ya vitanda vyao. Chini ya kitanda chako palikuwa na maboksi kumi na moja ya sabuni ya unga. Mama alikuwa kitandani na pumu. Alfajiri nikasikia kishindo kisimani, kishindo, tena kishindo, nikadhani umeamua kuoga kwa hasira. Kumbe umeyatumbukiza yote.

Saa mbili jirani wa kwanza akateka maji, ndoo ikapanda na kofia nyeupe. Akateka mwingine. Kadiri walivyoteka ndivyo kisima kilivyokorogeka, mpaka povu likapanda juu ya ukingo, likatambaa uani, likatoka mlangoni likaelekea relini. Watu hawakuwa wameona povu miaka. Walikuja na mashuka, na mapazia, na sare za shule. Mmoja alikuja na godoro. Balozi naye akaja kupeleleza, akaangalia kushoto na kulia, akavua shati akalitia kwenye beseni. Nilimwona kwa macho yangu. Aliporidhika na weupe wa shati lake ndipo akaenda kuita polisi.

Wakaja wakauliza mwenye sabuni ni nani. Mama alikuwa anahema. Wewe hukuwepo. Nikasema ni yangu.

Nilikaa kituoni siku ishirini na tatu. Wiki ya pili, Suleiman wa Kunduchi, uliyekuwa unamtaka kuliko nilivyomtaka mie, alituma shangazi yake kurudisha neno la posa, eti kwao hawaoi mhujumu. Leonardi, aliyekuwa amekuja Dar kutafuta kazi na kulala kwenye sebule yetu, alikuja kila siku kwa miguu na wali kwenye kibakuli. Siku nyingine wali na bamia, siku nyingine wali na maneno tu. Siku walipochoka na mie wakaniachia, alikuwa nje. Nikamwambia, kama kwenu kuna sabuni, twende. Akasema hakuna hata kwetu. Nikaenda hivyohivyo.

Sijuti. Wala sidai pole, nimeshazeeka nayo. Ninachotaka ni jibu la swali langu. Uliniambia ulikuwa umekwenda Kilwa. Kilwa gani, kaka, wakati barabara ilikuwa imekatika kwa mvua?

Mwajabu


Vingunguti,
16 Mei 2022

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Idi ilipita salama. Mtoto anacheka sasa, hasa akimwona Isack, sijui kwa nini. Goti liko palepale.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaiweka kwenye mfuko wa kanzu, nikakaa nayo wiki mbili nzima. Na nikwambie kabisa: mistari mitatu niliiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ionekane imetoka kwako. Hata jina lako nilikosea, nikaandika Mwanajabu. Jumamosi ikafika, nikaenda nayo kikaoni.

Tulikuwa watu kama sitini chini ya turubai, nje ya ofisi ya mtaa. Sugra alikuja kutoka mjini na ile karatasi ya baba yake ndani ya bahasha ya plastiki. Isack alikuja na bodaboda tisa wa kumuunga mkono. Demetria akasema kabla ya kusoma ushahidi, mzee mwenyewe asimame awaeleze vijana alivyovuka mto.

Nikasimama. Hotuba hiyo nimeitoa kila mwaka, naijua kama Fatiha. Nikaanza na baridi ya Kagera, nikaja kwenye daraja lililolipuliwa, na hapo nilipaswa kupata mtumbwi. Kila mwaka naupata. Safari hii nikaona nasema, "Nilikuwa na lori na ng'ombe watano." Kijana mmoja akauliza walikuwa wa nini. Nikamjibu. Nikaeleza pembe, nikaeleza ubao wa mlango. Watu wakaanza kucheka, na mie badala ya kukasirika nikajisikia mwepesi, nikaendelea. Nikawaeleza lori lisilorudi, sabuni, maboksi, alfajiri, na polisi walivyokuchukua. Wazee wawili watatu wakaanza kutikisa vichwa, kumbe wanakumbuka povu, ila miaka yote walidhani sabuni ilikuwa yako.

Kisha Demetria akauliza swali lako. Sijui kama mnaandikiana. Akasema, "Na wewe mzee, walipomchukua dada yako, ulikuwa wapi?"

Mwajabu, nilikuwa darini. Nilipanda niliposikia magari. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mbao, na palikuwa na tundu upande wa chumba cha mama, karibu na ukuta. Nilikuona. Nilikuona unavaa viatu. Mkanda wa kiatu cha kulia ulikukataa, ukaufunga mara mbili. Nilikusikia unasema ni yangu. Nilijiambia nitashuka wakifika mlangoni. Wakafika mlangoni. Nikajiambia nitashuka gari likiwaka. Nikashuka magharibi, mama ananitazama, hakusema kitu mpaka amekufa. Kilwa niliizua siku ya pili.

Haya yote niliyasema mbele ya watu sitini, wengine hata siwajui. Nilipomaliza, ile karatasi ya mkono wa kushoto nikaichana. Hakuna aliyecheka. Nikafikiri nichukue fimbo yangu niende.

Akasimama mama yake Isack, bibi wa miaka themanini, hasemagi kikaoni. Akasema mwaka ule ndio alimzaa Isack, na nepi zake zote za mwezi wa kwanza zilifuliwa kwa maji ya kile kisima, na mtoto hakutoka upele hata mmoja, wakati watoto wa njia ya pili walikuwa wamevimba makalio. Akasema msichana aliyelipia sabuni ile hajawahi kuambiwa asante na njia hii. Bodaboda tisa wote wakamgeukia Isack. Isack akaangalia chini, akasema anaondoa jina la grosari.

Wamepitisha Njia ya Kisima cha Sabuni. Mikono hamsini na minane. Mmoja alikuwa amesinzia, na mie sikupiga kura.

Nisamehe, Mwajabu. Nimeiandika hii sentensi mara ya kwanza maishani na naona herufi zimepinda.

Fakihi


Kyaka,
8 Juni 2022

Kaka Fakihi,

Shikamoo, na wa alaikum salaam. Sie wazima. Mvua zimekatika, kahawa tumeanza kuanika. Leonardi nimemsomea barua yako uani, na kwa kuwa nasoma kwa sauti ya kusikika na sikio la kushoto, sasa majirani wote wa Kyaka wanajua ya dari. Wanakusalimu.

Demetria hatuandikiani. Ana akili tu. Mama yake Isack mwambie asante imefika, na mimi nakumbuka zile nepi, alizileta ndoo nzima na akapita mbele ya foleni.

Sasa na mie nina langu ambalo sijawahi kulisema. Wakati nafunga kiatu, vumbi la dari liliniangukia begani. Nikatazama juu nikaliona tundu, na ndani ya tundu nikaliona jicho. Nikajua ni lako, maana lilikuwa linapepesa. Nilisema ni yangu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, usije ukashuka kwa haraka ukavunja na mbao. Wangekuchukua wewe wasingekuachia kwa siku ishirini na tatu, na mama alikuwa hawezi hata kuinua kikombe. Mgambo aliyenishika mkono alikuwa kijana wa kupigwa kofi moja. Niliamua mie, kaka. Hukuniuza.

Lakini nilivyorudi nilitegemea utaniambia. Ukaniambia Kilwa. Hasira yangu ni ya Kilwa, ya dari niliimaliza siku ileile. Kama ungesema tu, "Nilikuwa juu nilikuona," ningecheka, na pengine nisingehamia mbali hivi. Miaka yote hii ukipiga simu nilikuwa naogopa utaniambia tena Kilwa, ndiyo maana nilikuwa nakata.

Leonardi anasema msamaha umepita, nisikuchoshe. Anasema pia walikuwa ng'ombe sita, yeye ndiye aliyewahesabu kwenye daftari la michango, na hilo hawezi kukuachia.

Mwezi wa nane, kahawa ikishauzwa, tunakuja. Tutakaa wiki tatu, nataka kumwona huyo mwenye jina langu. Piga simu Jumapili baada ya adhuhuri. Nitapokea.

Dada yako,
Mwajabu